Winchester 94 ya urithi: dalili, chanzo na la kufanya

Ukirithi bunduki ya wenzo nchini Marekani, ile inayokokiwa kwa kusukuma kishikio cha chuma kilicho chini ya triga, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni Winchester ya modeli 1894, kwa kifupi 94. Zimetengenezwa zaidi ya milioni saba. Aliyeibuni ni John Moses Browning, na nyingi ziliishi maisha ya kazi: nyuma ya mlango wa jikoni shambani, kwenye ala ya ngozi ubavuni mwa farasi, baadaye kwenye pikapu. Ndiyo maana zinaendelea kuangukia mikononi mwa watu ambao hawakuziomba, wakiwemo ndugu zetu waliooa au kuolewa katika familia za wawindaji huko Montana, Texas au Minnesota. Wengi wetu tumekua tukiona bunduki mikononi mwa askari au mlinzi wa benki tu, hivyo mtu anaweza kukaa na urithi huo kabatini miaka bila kuugusa, au kinyume chake, akaufungua kwa bisibisi siku hiyohiyo.

Hilo la pili ndilo baya zaidi. Matatizo mengi ya bunduki hizi hayatoki kwenye uzee wa chuma. Yanatoka kwenye uchafu, risasi isiyo yake, alama iliyosomwa vibaya, au fundi wa nyumbani aliyepita kabla yako.

Kabla ya dalili yoyote: hakikisha ni tupu

Risasi hukaa kwenye mrija ulio chini ya mtutu, na kwa nje huwezi kujua zimo ngapi. Toka nje na uelekeze mdomo wa mtutu kwenye udongo laini. Kidole kikae mbali na triga. Sukuma wenzo mbele hadi mwisho, urudishe, na urudie mpaka hakuna kinachoruka. Kisha rudia tena mara kadhaa, kwa sababu springi iliyochoka inaweza kuacha risasi moja imekwama ndani ya mrija. Mwisho acha wenzo wazi, mulika kwa tochi na uingize kidole kidogo. Chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, iwe wazi, na pale mrija unapoishia uone kizibo cha chuma kinachosukuma risasi. Ukiona duara la shaba lenye fataki katikati (kile kidude kinachowaka kikigongwa), hiyo bado ni risasi.

Wenzo ukikataa kabisa kufunguka, chukulia kwamba kuna risasi hai ndani. Usigonge wala usichokonoe. Mpigie simu fundi bunduki na umweleze hali ilivyo kabla hujaingia na silaha dukani kwake.

Tarehe kwenye chuma haipatani na hadithi ya familia

Mtutuni utasoma jina la kampuni, mji wa New Haven, na "AUG. 21, 1894". Familia inaapa kwamba bunduki ilitengenezwa mwaka huo na kwamba babu wa babu aliibeba wakati wa wachunga ng'ombe. Tarehe hiyo ni ya hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, na iliendelea kupigwa kwenye mitutu kwa miaka mingi baadaye. Kwenye modeli 1873 mkanganyiko ni mkubwa zaidi, maana humo kuna hataza za 1860 na 1866, miaka ambayo bunduki yenyewe haikuwepo.

Umri uko kwenye namba ya mfululizo, iliyopigwa chini ya mwili wa bunduki, upande wa mbele. Kwa makadirio ya haraka: bunduki namba 1,000,000 alikabidhiwa Rais Calvin Coolidge mwaka 1927, na namba 2,000,000 ilikwenda kwa Rais Dwight Eisenhower mwaka 1953. Kuanzia takriban 2,700,000 umeingia kwenye toleo la 1964, ambalo kiwanda kilipunguza gharama hadi sehemu ya ndani inayopandisha risasi ikatengenezwa kwa bati lililokunjwa. Wakusanyaji hawajasamehe hadi leo, na ndiyo sababu muuzaji atakuuliza kwanza kama yako ni ya kabla ya 64. Alama nyingine ya kusaidia ni herufi WP ndani ya umbo la yai, juu ya mtutu na mwili. Winchester ilianza kuipiga mwaka 1905, hivyo bunduki isiyo nayo kwa kawaida ni ya kabla ya hapo.

Orodha za namba na miaka zinazozunguka mtandaoni hazikubaliani. Kama namba yako iko chini ya takriban 354,000, achana nazo. Makumbusho ya silaha ya Cody, Wyoming, yanahifadhi daftari za kiwanda za namba hizo, na kwa ada watakuandikia barua yenye tarehe, aina ya mtutu na kipenyo cha risasi bunduki ilipotoka kiwandani. Barua hiyo hufichua mengi: mtutu uliobadilishwa, kitako kisicho chake, hata bunduki ndefu iliyokatwa ikauzwa kama karabini, yaani ile fupi. Karabini halisi ina mtutu wa inchi 20, na ile ndefu kwa kawaida ni inchi 26. Ukikuta kipimo kisichoeleweka na mdomo wa mtutu umekatwa vibaya, pima kwa fimbo ya mbao kutoka kwenye uso wa komeo lililofungwa (kile chuma kinachoziba chemba kwa nyuma) hadi mdomoni. Chini ya inchi 16 una tatizo la sheria ya shirikisho. Mwone wakili, usimpelekee mnunuzi.

Usiichanganye pia na modeli 1895. Hiyo haina mrija; ina kisanduku cha risasi kilichojengwa mbele ya triga. Ndiyo Theodore Roosevelt aliyoshuka nayo Mombasa Aprili 1909, ya risasi nene za .405, akaisifu sana kwa simba. Ukisikia "ile bunduki ya Roosevelt wa Kenya" kutoka kwa shemeji aliyeshika 94, mwache afurahi, ila usinunue risasi kwa maelezo yake.

Jina la risasi lililo mtutuni halipo dukani

Mtutu umeandikwa "30 W.C.F.", kifupi cha Winchester Center Fire, na dukani hakuna sanduku lenye jina hilo. Hiyo ni .30-30, risasi ya kawaida kabisa ambayo karibu kila duka la wawindaji linayo. Winchester waliipa jina lao mwaka 1895. Washindani wao Marlin, ambao hawakutaka kutangaza jina la mpinzani kwenye bidhaa zao, wakaiita .30-30, yaani kipenyo cha inchi 0.30 na greni 30 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) za baruti isiyo na moshi. Jina la washindani ndilo lililobaki. Kwa mantiki hiyohiyo, kwenye modeli za zamani zaidi 44 W.C.F. ni .44-40, 38 W.C.F. ni .38-40, na 32 W.C.F. ni .32-20.

Ukikuta .32-40 au .38-55, umeshika mojawapo ya vipimo viwili ambavyo modeli hii ilianza navyo, enzi ya baruti nyeusi. Mitutu ya baruti isiyo na moshi ilikuwa ya chuma cha nikeli na mara nyingi inajitangaza yenyewe: "NICKEL STEEL BARREL". Yako isipokuwa na maneno hayo, usinunue chochote mpaka fundi aikague.

Kuna kosa ambalo halionekani hadi mtu aumie: risasi zenye ncha kali. Ndani ya mrija risasi zimepangana mstari mmoja, pua ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Bunduki inapopiga teke, ncha ngumu inaweza kugonga fataki. Ndiyo sababu risasi za .30-30 zina pua bapa. Zipo za kisasa zenye ncha laini ya plastiki zilizotengenezwa kwa ajili ya mirija hii, na hizo hazina neno. Lakini usimruhusu rafiki ajazaye risasi nyumbani akuletee zenye ncha ya shaba.

Tundu kwenye shabaha limekaa ubavu, au risasi zinatawanyika

Risasi ikitoboa karatasi kwa ubavu, maana yake haizunguki sawasawa. Angalia kwanza kama mtutu ni wa .32 Special na wewe unapiga .30-30. Risasi hizo ni ndugu, na ile ndogo inaingia kwenye chemba ya kubwa bila malalamiko, kisha inapita kwenye mtutu mpana bila kushika mifuo, ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Ganda litatoka na shingo iliyovimba. Acha mara moja.

Kama risasi ni sahihi, mtuhumiwa wa pili ni mdomo wa mtutu. Mwili wa 94 umefungwa kwa nyuma, kwa hiyo vizazi vyote vimeusafisha kwa kuingiza fimbo kutoka mbele, na fimbo ya chuma iliyosuguana na ukingo wa mdomo kwa miaka themanini inakula mifuo pale inapohitajika zaidi. Mulika mdomoni: mifuo ikiwa hafifu upande mmoja, umepata jibu. Fundi anaweza kuchonga ukingo upya, lakini kwenye bunduki yenye thamani ya kihistoria mimi ningeiacha hivyo na kupiga kwa karibu zaidi.

Mtutu mweusi ndani ni jambo jingine, na hapo watu hukata tamaa mapema mno. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiwaka huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Mafuta ya bunduki hayayeyushi chumvi. Yanaifunika tu nayo inaendelea kutafuna chini kwa chini. Maji ndiyo yanayoyeyusha. Ukikuta babu aliacha masanduku ya risasi za kabla ya miaka ya 1930, usizipige. Sanduku lenyewe linaweza kuwa na bei kwa wakusanyaji. Na kama umejua baadaye kwamba zilipigwa, pitisha kitambaa cha maji ya moto, kausha kabisa, halafu ndipo mafuta. Mtutu wenye vishimo lakini mifuo bado imesimama unaweza kupiga vizuri kuliko unavyotazamika, hivyo usihukumu kwa tochi pekee.

Zikienda zote chini, tazama kilengeo cha nyuma. Kina kipande kidogo chenye meno ya ngazi kinachokiinua, na hicho ndicho kitu cha kwanza kupotea kwenye bunduki hizi. Zikienda kando, huenda kilengeo cha mbele kimegongwa. Cha mbele husogezwa upande uleule risasi zinakokosea, cha nyuma upande wa pili.

Wenzo mgumu

Karibu kila mara ni mafuta yaliyokauka. Watu walipaka walichokuwa nacho: mafuta ya kitani, ya mashine, hata ya nyama, na baada ya miongo yamekuwa gundi. Fungua wenzo, simamisha bunduki, dondoshea kiyeyusho cha kusafishia bunduki au mafuta ya taa, acha usiku mzima, futa kinachotiririka, rudia. Weka mbali na mbao, maana kiyeyusho huharibu rangi ya kitako. Ukimaliza, mafuta mepesi kidogo tu.

Usiifungue. Skrubu za Winchester zina mfereji mwembamba, na bisibisi ya kawaida yenye ncha ya kabari hupanda na kuung'oa. Mnunuzi anayejua kazi yake hutazama vichwa vya skrubu kabla hajatazama kitu kingine.

Triga haisogei

Hii mara nyingi si hitilafu. Kuna pini ya usalama inayozuia triga mpaka wenzo ubanwe kabisa dhidi ya shingo ya kitako. Ubane kwa mkono na ujaribu tena. Kama wenzo unalegea na kuning'inia, kipini chenye springi kinachoushikilia kimechakaa, au wenzo wenyewe umepinda kwa kuanguka. Kipini ni kazi ndogo. Wenzo uliopinda usiunyooshe kwenye jiliwa lako.

Nyundo haikai nusu

Kwa modeli zote za kabla ya 1992, usalama pekee wa mkono ni ile hatua ya nusu ya nyundo, kile kipande cha nyuma kinachovutwa kwa gumba. Bunduki ikiwa imehakikishwa tupu, weka nyundo nusu, kisha isukume mbele kwa gumba. Ikianguka, jino lake limevunjika au limesuguliwa na mtu aliyetaka triga nyepesi. Hapa sina ushauri wa nyumbani wa kutoa: ining'inize ukutani au umpelekee fundi. Kubadilisha nyundo ni kazi ya kawaida kwake, kuichonga upya ni kamari.

Risasi hazipandi, au zinapanda mbili

Anza na mkono wako. Anayeiogopa bunduki huvuta wenzo nusu, na nusu haitoshi. Usukume hadi ugote. Ukiwa umeusukuma kikamilifu na bado risasi haiji, kagua mrija kama umebonyea. Bonyeo dogo tu linatosha kuzuia kizibo. Springi ya ndani nayo huchoka, na unaijua kwa sababu risasi za mwanzo zinapanda vizuri kisha za mwisho zinasuasua.

Zikija mbili au risasi ikipinda njiani, tazama skrubu ndogo zinazoshika reli za kuongoza risasi, moja kila ubavu wa mwili. Zikilegea, reli zinacheza. Kukaza kwa bisibisi inayolingana kabisa na mfereji ndiyo kazi pekee ya skrubu ninayoweza kumruhusu mrithi.

Kama bunduki yako ni Marlin, inayotupa maganda kwa ubavuni, hali ni tofauti. Kwao tatizo maarufu ni pembe ya wenzo kula taratibu kipandishi cha risasi, mpaka risasi ya pili inateleza chini yake na kila kitu kinagoma. Dawa ni kipandishi kipya au kilichorekebishwa na fundi.

Inalia "tiki" bila kuwaka

Subiri nusu dakika mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama, kisha itoe risasi uitazame fataki. Alama hafifu ya kugongwa inakuambia pigo ni dhaifu. Kwenye bunduki za kabla ya 64 springi ya nyundo ni bapa, na kuna skrubu inayoikaza kutoka chini ya shingo ya kitako. Mtu fulani zamani aliilegeza ili nyundo iwe laini kwa gumba lake, na leo unalipa wewe. Sababu nyingine ni gundi ileile ya mafuta ikiwa kwenye njia ya pini ya kufyatulia. Alama ikiwa nzito na risasi haikuwaka, risasi ndiyo iliyokufa.

Fataki imetokeza nje, au ganda limepasuka karibu na tako lake

Acha kupiga siku hiyo. Nyuma ya komeo kuna kabari ya chuma inayopanda kulifunga. Ikichakaa, komeo linarudi nyuma kidogo kila mlio na ganda linavutika. Kipimo chake kinafanywa na fundi kwa vipima maalumu, dakika chache tu, na mimi nisingepiga hata risasi moja kwenye bunduki ya urithi kabla ya kipimo hicho, iwe na dalili au isiwe nayo.

Rangi imekwenda, kuna kahawia

Iache. Kahawia iliyotulia ni umri, na kuifuta kwa msasa au kuipaka upya rangi ya buluu, ile ya chuma cha kiwandani, kunaweza kukata bei kwa zaidi ya nusu. Kutu nyekundu inayobaki kidoleni ndiyo ya kushughulikia: mafuta mepesi na kitambaa, subira, basi. Miili ya toleo la 1964 ina chuma kisichokubali buluu ya kawaida, kwa hiyo fundi anayekuahidi kuirudisha kama mpya hajawahi kuishika. Na usiihifadhi kwenye ala ya ngozi wala mfuko wa manyoya. Vyote hushika unyevu. Kama mwilini kuna matundu ya darubini juu, jua thamani ilishaondoka kitambo. Kabla ya 1982 maganda yalirushwa wima kupitia hapohapo, kwa hiyo aliyeitoboa aliharibu mara mbili.

Bunduki nzima, karatasi ndizo mbovu

Sheria ya shirikisho ya Marekani haihesabu kama silaha ya moto bunduki ya namna hii iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, ingawa majimbo yana yao. Ya baada ya hapo inahesabiwa, na hapa ndugu zetu huteleza. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, utalii au kazi, kwa kawaida haruhusiwi kuimiliki wala kukaa nayo, isipokuwa akiwa na leseni halali ya uwindaji au msamaha mwingine uliotajwa na sheria. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria hiyo. Urithi kwa wosia unaweza kuvuka mpaka wa jimbo bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni, jambo ambalo zawadi ya kawaida haiwezi. Kwa hiyo kama mzee bado yupo na anataka uipate, ni bora aandike wosia kuliko kukutupia kwenye buti la gari.

Kuisafirisha nyumbani ni mlima mwingine. Kenya hakuna uwindaji tangu 1977 na leseni hupitia Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kwa nchi zote mbili kibali hutangulia, bunduki hufuata, na upande wa Marekani nao una utaratibu wake wa kutoa silaha nje. Kama kibali hakijatoka, iache kwenye sefu ya shemeji.